Nakivale hadi Mbarara: Namna ya Kupanga Matembezi ya Kikundi

Wengi wetu katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale tunaijua Mbarara kwa hospitali ya rufaa na soko. Mtu huenda asubuhi, humaliza shida zake, hurudi kabla ya giza. Lakini jiji hilo lilikuwa makao ya wafalme wa Ankole, na kikundi cha kanisa, msikiti au akiba kikichanga nauli kinaweza kulitembelea kwa siku moja.

Ruhusa

Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006 inampa mkimbizi haki ya kutembea ndani ya Uganda, kwa masharti. Kwa hiyo kiongozi wa msafara apeleke mapema kwenye ofisi ya OPM (Ofisi ya Waziri Mkuu) ya makazi orodha ya majina, mahali mnakokwenda na siku ya kurudi. Kila mtu mzima abebe kadi yake ya ukimbizi yenyewe, si picha kwenye simu. Wenye watoto wachukue karatasi ya familia.

Gari

Kodini teksi nzima ya abiria 14. Kabla ya kulipa, elewaneni na dereva nani ananunua mafuta, atasubiri hadi saa ngapi na nani anamlisha; kisha yaandikeni. Barabara ya murram huteleza wakati wa mvua za Machi hadi Mei na Septemba hadi Novemba, hivyo Juni na Julai ni miezi mizuri. Ondokeni saa kumi na mbili asubuhi.

Vituo

*Nkokonjeru.* Hapa, pembeni mwa Mbarara, wamezikwa wafalme wawili wa mwisho, Kahaya II na Gasyonga II. Ufalme wa Ankole ulifutwa mwaka 1967, na falme nyingine ziliporudishwa mwaka 1993, huu haukurudishwa rasmi. Ni makaburini: ombeni ruhusa kwa mtunzaji kabla ya kupiga picha.

*Biharwe.* Ipo barabara ya Masaka, kama kilomita 12 kutoka mjini. Katika makumbusho ya Igongo, waonyesheni watoto vibuyu na vyombo vya mbao vya maziwa. Mkibakiwa na hela ya chakula, agizeni eshabwe: samli iliyopigwa kwa maji na chumvi ya mawe hadi ikawa mchuzi mweupe mzito, unaoliwa bila kupashwa moto. Karibu na hapo kuna mnara wa kumbukumbu ya kupatwa kwa jua kwa mwaka 1520.

*Ziwa Mburo.* Hifadhi hii ya taifa tangu 1983 ina pundamilia na swala pala. Kiingilio hutegemea uraia na ukaazi, na gari nalo hulipiwa. Pigeni simu kwanza kwa mamlaka ya wanyamapori muulize mwenye kadi ya ukimbizi analipa kiasi gani na kwa njia ipi, msije mkakwama getini.

Kwa siku moja, Nkokonjeru na Biharwe zinatosha. Mburo inahitaji siku yake. Njiani, dereva awaonyeshe mto Rwizi: unapita Mbarara na kulisha maziwa ya Mburo na Nakivale, kwa hiyo taka inayotupwa mtoni mjini hutufikia sisi.

Anzeni kurudi saa tisa alasiri. Mkifika, hesabuni watu kwa ile orodha ya asubuhi, kisha mtoe taarifa ofisini kwamba wote wamerudi. Kikundi kinachofanya hivyo hupata wepesi kinapoomba tena.