DARSA: HARUSI, NYONGEZA ZAKE NA PESA ZILIZOPO MKONONI



Ndugu zangu wanafunzi, likizo inakaribia na kadi za mwaliko zimeanza kupita mabwenini. Baadhi yenu mtaoa au kuolewa kabla ya kumaliza chuo, na wengi zaidi mtaitwa kwenye kamati za harusi za kaka na dada zenu, kwa kuwa nyumbani wanaamini kwamba mtu wa chuo kikuu anajua hesabu. Mimi niliitwa Adumi kuwa mweka hazina wa harusi ya binamu yangu. Darsa hii imetokana na daftari la harusi ile.

Tuanze na dini inachotaka. Ndoa ina wali, mashahidi wawili, ijabu na kabuli, na mahari. Walima ni sunna iliyotiliwa mkazo. Abdurrahman bin Auf alipooa, Mtume (s.a.w.) alimwambia afanye walima hata kwa kondoo mmoja, naye hakuwa maskini. Walima ya Bibi Safiyya ilikuwa tende, jibini na samli vilivyochanganywa pamoja, wakiwa safarini. Duff inaruhusiwa ili watu wajue kuna ndoa. Hapa Uganda ongeza jambo moja ambalo kamati nyingi hulisahau: sheria ya ndoa na talaka za Waislamu ya mwaka 1906 inataka ndoa isajiliwe ndani ya mwezi mmoja. Ada ya usajili na nauli ya kwenda kwa kadhi ziandikwe juu kabisa ya bajeti.

Vingine vyote ni nyongeza: mapambo, video, keki, msafara wa magari, sare za wasindikizaji, mshereheshaji, na huyu mtu mpya aliyeingia siku hizi, mpangaji wa harusi. Sisemi ni haramu. Furaha ya harusi ni jambo zuri, na bibi zetu wa Kinubi walicheza doluka wakiwa na gurbaba zao zamani kabla hajazaliwa mpiga video yeyote. Ila nyongeza ndizo zinazovujisha pesa, kwa sababu kila moja inakuja peke yake na kila moja inaonekana ndogo.

Tufanye hesabu. Namba hizi ni za mfano tu, bei za kweli kaulize mwenyewe Arua. Sema mkononi kuna shilingi 4,000,000, na kwenye daftari la ahadi kuna 3,500,000. Bajeti ni 4,000,000, basi. Ahadi usiihesabu. Mjomba anayesimama kikaoni na kuahidi fahali anasema kweli, lakini fahali bado yuko malishoni. Tena hata michango inayotumwa kwa simu haifiki yote: mbali na ada ya kampuni, tangu mwishoni mwa 2018 serikali inakata kodi ya asilimia 0.5 kila unapotoa. Kwenye milioni mbili hiyo ni shilingi 10,000, bei ya mafuta ya kupikia yaliyokosekana asubuhi ya walima.

Wageni ni 250. Chakula 2,200,000, maturubai na viti 500,000, usajili na usafiri wa lazima 200,000. Imebaki 1,100,000. Tenga 400,000 za dharura, maana mvua ya kwetu haisomi kadi ya mwaliko na umeme nao unaweza kukatika shehe akiwa katikati ya khutba. Zimebaki 700,000 za nyongeza zote.

Sasa sikiliza bei walizoleta vijana wa kamati: mapambo 1,200,000, picha na video 800,000, magari manne 600,000, keki 350,000, mshereheshaji 300,000. Jumla ni 3,250,000. Hapo ndipo watu hukimbilia kwa mkopeshaji. Riba hiyo italipwa na watu wawili ambao bado hawana godoro, na tunajua Qur'ani imesema nini juu ya riba.

Katika hali kama hiyo swali la kwanza ni hili: kazi gani watu wetu wenyewe wanaiweza na wataifurahia? Mapambo, kwa mfano. Mashangazi zetu wana vitenge vilivyotoka soko la Ariwara, ng'ambo ya mpaka, ambavyo vikitandazwa hakuna ua la plastiki linaloshindana navyo. Mpe shangazi mmoja 150,000 za kamba, pini na maua, na umpe amri kamili juu ya hema. Mshereheshaji ni mjomba mwenye sauti. Gari ni moja la kuazima, umjazie mafuta kwa 100,000. Keki achana nayo, tende na mandazi zinatosha. Mpiga picha mkodishe, kwa sababu kazi yake hairudiwi na binamu mwenye simu nzuri huwa yuko kwenye foleni ya chakula. Lakini mkodishe nusu siku, picha tu, 350,000. Jumla ni 600,000.

Na zile 100,000 zilizobaki? Hapa nisimame kidogo, kwa sababu ndipo sisi tulipokosea.

Sisi tulitumia pesa zetu kwenye kile kinachoonekana. Tulikodisha mpambaji, tukakodisha spika kubwa, na jikoni tukawaachia kina mama kwa sababu wao ni wa bure. Nikaha ilisomwa saa tano. Mama wa bwana harusi hakuisikia. Alikuwa nyuma ya nyumba na mwiko mkononi, anasonga enyasa kwenye sufuria ambayo mimi siwezi hata kuiinua, na moshi machoni. Alipoitwa kwa picha alikataa kwa sababu nguo zake zilikuwa na masizi. Pesa ya wapishi wanne wa kukodi kwa siku moja ingekuwa ndogo kuliko tulichomlipa mtu wa spika. Tulikuwa nazo.

Kwa hiyo ushauri wangu: kabla hujalipa macho, lipa mikono. Msaada wa kwanza kukodiwa uwe wa jikoni, wa kuchota maji na wa kuosha vyombo. Tena chakula cha watu 250 kikiharibika kinaumiza watu, ua likinyauka haliumizi mtu.

Mpangaji wa harusi je? Anafaa mahali ambapo bi harusi yuko kwenye mitihani Mbale, bwana harusi yuko kazini Koboko, sherehe iko Adumi na hakuna ndugu wa kuzunguka. Harusi ya uani kwenye familia yenye watu haimhitaji. Ukimtaka, patana naye ujira wa kiasi maalumu. Wengine hutaka asilimia ya matumizi yote. Wanazuoni wengi wameweka sharti katika ijara kwamba ujira ujulikane tangu mwanzo, na hata kwa akili ya kawaida, anayelipwa asilimia hana sababu ya kukupunguzia. Muulize pia wazi kama anapokea chochote kutoka kwa wenye viti na mapambo.

Mkataba uandikwe, kama Suratul Baqara aya ya 282 inavyotufundisha juu ya madeni: kazi gani, saa ngapi, bei gani, nauli ya kutoka Arua kuja kijijini inalipwa na nani. Na siku ikiahirishwa inakuwaje? Sisi hatukuandika hilo. Wiki ya harusi jirani alifiwa, na kwetu huwezi kupiga ngoma huku mlango wa pili wanalia, kwa hiyo tukasogeza siku 14. Mpambaji alikataa kurudisha malipo ya mwanzo, akataka alipwe upya.

Fiqhi inalijua jambo hili kwa jina la arbuni, yaani malipo ya kutangulia yanayopotea mnunuzi akijitoa. Maimamu Abu Hanifa, Malik na Shafii hawakulikubali, Ahmad bin Hanbal aliliruhusu. Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha Brunei mwaka 1993, liliruhusu kwa sharti kwamba muda wa kusubiri uwekwe. Sisi tulio wengi tunafuata Shafii au Malik, basi njia salama ni kuandika kwamba malipo ya mwanzo ni sehemu ya ujira, na kwamba msiba ukitokea siku inasogezwa bila kulipa tena. Naye fundi akimaliza kazi alipwe palepale, jasho halijakauka. Usimwambie arudi Jumatatu.

Na mialiko isiwe ya wakubwa peke yao. Mtume (s.a.w.) alikitaja chakula kibaya kuwa ni cha walima wanaoitwa matajiri na kuachwa maskini. Katika ile 2,200,000 weka sahani za wasioalikwa, kwa sababu kijijini watakuja tu, na wana haki.

Ahadi nyingine huja harusi ikishapita. Amueni kwenye kikao cha kwanza zitakwenda wapi, ziandikwe, la sivyo zitaleta maneno. Kwetu ziliingia 420,000, zikalipa kodi ya chumba cha maharusi pale Oli kwa miezi mitatu.