Mimba mpya nyumbani: usimsahau yule wa mgongoni

Mama anaposhika mimba huku nyumbani kuna wavulana wadogo wawili au watatu, macho ya watu wote humwelekea yeye na tumbo lake. Huulizwa kama amekula, kama amekwenda kliniki, kama miguu imevimba. Hayo ni maswali mazuri. Lakini kuna mmoja ambaye mara nyingi hakuna anayemwulizia, naye ni yule mtoto mdogo aliyekuwa akinyonya na kubebwa mgongoni hadi juzi. Ghafla amenyimwa ziwa, ameondolewa kitandani kwa mama, na kila mtu anamwambia kwamba sasa yeye ni mkubwa.

Katika somo la leo tutaangalia jinsi ya kumtunza mtoto huyo na kaka zake wakati wa mimba. Tumechukua mfano wa Garissa na Kaskazini Mashariki kwa sababu watoto wanaofuatana kwa karibu ni jambo la kawaida huko. Uchunguzi wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa mwaka 2014 ulionyesha kwamba mwanamke wa Kaskazini Mashariki alikuwa na wastani wa watoto 6.4, ilhali wastani wa Kenya nzima ulikuwa 3.9. Hata hivyo, mafunzo haya yanamfaa pia mzazi wa Eastleigh, Mombasa au Nakuru.

Ugonjwa wa mtoto aliyepokonywa

Katika miaka ya 1930 daktari mmoja mwanamke, Cicely Williams, alikuwa akifanya kazi Gold Coast, nchi ambayo leo ni Ghana. Aliona watoto wengi wa umri wa mwaka mmoja hadi minne wakiletwa wakiwa wamevimba miguu na uso, ngozi inabambuka na nywele zimegeuka rangi. Aliwauliza kina mama wa Accra wanauitaje ugonjwa huo. Wakamjibu kwa lugha yao ya Kiga: kwashiorkor, yaani ugonjwa unaompata mtoto baada ya mdogo wake kuja. Mwaka 1935 aliuandika kwa jina hilo, na hadi leo madaktari wa dunia nzima wanalitumia. Kwa Kiswahili tunauita unyafuzi.

Kina mama wale walikuwa wameona jambo la kweli. Mtoto huachishwa ziwa kwa haraka kwa sababu mwenzake yuko njiani, kisha hupewa uji mwepesi au chai na mkate ambavyo haviwezi kushika nafasi ya maziwa aliyonyimwa. Huanza kudhoofika wakati ambapo mama amechoka na hana nafasi ya kumtazama vizuri.

Je, maziwa ya mjamzito ni sumu?

Watu wengi huamini kwamba maziwa ya mama mwenye mimba huharibika na humdhuru anayenyonya. Huko pwani mtoto anayedhoofika kwa namna hii husemekana amebemendwa. Imani kama hiyo iko pia katika jamii nyingine za Kenya, na ndiyo inayowafanya kina mama wengi kumkatiza mtoto ziwa siku ile ile wanapojua kwamba ni wajawazito.

Ukweli ni kwamba maziwa hayo si sumu. Huenda yakapungua na ladha yake ikabadilika, na watoto wengine huacha wenyewe kwa sababu hiyo. Lakini mama mwenye mimba isiyo na matatizo anaweza kuendelea kunyonyesha, mradi ale vizuri. Ikiwa amewahi kujifungua kabla ya wakati, anatokwa na damu, au ana mimba ya pacha, amwulize kwanza mkunga au daktari.

Ukiamua kumwachisha, fanya hivyo polepole kwa muda wa majuma kadhaa. Punguza mara moja ya kunyonya, ungoje siku chache, kisha upunguze nyingine. Anza na ile ya mchana na uache ile ya usiku iwe ya mwisho. Usipake ziwa pilipili wala kumpeleka mtoto kwa nyanya yake bila kumtayarisha. Kufanya hivyo ni kumwondolea chakula na mama kwa siku moja.

Chakula cha nyumba nzima

Mtoto wa mwaka mmoja hadi miwili anahitaji kula mara tatu au nne kwa siku, pamoja na kitu kidogo katikati. Mpe sahani yake mwenyewe. Wavulana watatu wakila katika sinia moja, mkubwa hushiba kwanza na mdogo hubaki akilamba vidole. Uji wake uwe mzito, na uongezwe maziwa au mafuta kidogo. Maharagwe yaliyopondwa, yai, nyama iliyosagwa na ini ni vyakula vya kumjenga.

Maziwa ya ngamia na ya mbuzi ni baraka kubwa ya Kaskazini Mashariki, na watu wengi hupenda kuyanywa yakiwa mabichi. Lakini maziwa mabichi huweza kuleta ugonjwa wa bruselosi, ambao humpa mtu homa ya muda mrefu na maumivu ya viungo, na kwa mjamzito huweza kuharibu mimba. Yachemshe kwanza, yawe ya mama au ya watoto.

Baadhi ya kina mama hujinyima chakula katika miezi ya mwisho wakitumaini kupata mtoto mdogo na kujifungua kwa urahisi. Hilo ni kosa. Mtoto anayezaliwa akiwa mdogo kupita kiasi huugua upesi, na mama asiyekula hukosa nguvu na damu. Meza vidonge vya madini ya chuma na foliki unavyopewa kliniki kila siku. Chai ya rangi au ya maziwa huzuia mwili kupata madini hayo vizuri, kwa hiyo usiinywe pamoja na chakula wala vidonge. Ngoja kama saa moja hivi.

Wavulana na wivu

Mtoto wa miaka miwili hajui maana ya miezi mitatu ijayo. Mwambie habari za mtoto mchanga tumbo linapoanza kuonekana, na umpe alama anayoijua: mtoto atakuja baada ya Idi, au mvua za Gu zitakapokwisha. Mruhusu aweke mkono tumboni ahisi mateke. Kama kuna kuhamishwa kitanda au kuanza duksi, fanya hayo miezi miwili au mitatu kabla, asije akafikiri kwamba ni mtoto mchanga aliyemfukuza.

Mtoto akishazaliwa, usishangae kuona mvulana aliyekwisha kuacha kukojoa kitandani anaanza tena, anataka ziwa, analialia au anampiga mdogo wake. Hizo ni dalili za kuogopa kusahauliwa. Ukimchapa unamhakikishia kwamba anachokiogopa ni kweli. Mshike mkono, mwambie kwa upole kwamba mtoto hapigwi, kisha umpakate. Kila siku mtengee kila mmoja dakika kumi au kumi na tano zake peke yake. Kamwe usimwache mvulana mdogo peke yake na mtoto mchanga, hata akiwa mpole namna gani.

Wape wavulana kazi ndogo: mmoja alete nepi, mwingine alete kikombe cha maji. Wako wazee watakaosema kwamba hizo ni kazi za wasichana. Lakini mvulana anayejiona ana kazi kwa mdogo wake humpenda upesi, na tabia hiyo haimpotei akiwa baba.

Mizigo na maji

Mtungi wa plastiki wa lita 20 ukijaa maji una uzito wa kilo 20. Mjamzito asiubebe. Kama maji hayaletwi mlangoni kwa mkokoteni wa punda, yagawanywe katika mitungi midogo na wengine wasaidie. Kumbeba mvulana mdogo si hatari ikiwa mimba ni nzima, lakini chuchumaa badala ya kuinama, na ikiwezekana keti na umwache apande mwenyewe mapajani. Ukipigwa teke kubwa tumboni au ukianguka, nenda ukapimwe hata kama huhisi maumivu.

Kadi za wavulana

Chukua kijitabu cha afya ya mama na mtoto cha kila mvulana uone kama chanjo zake zimekamilika. Chanjo ya surua hutolewa katika miezi tisa na kurudiwa katika miezi kumi na minane, na hiyo ya pili ndiyo inayosahauliwa sana. Mwaka 2013 virusi vya polio vilizuka katika eneo la Dadaab, katika kaunti hii hii ya Garissa. Mtoto mchanga hulindwa kwanza na afya ya kaka zake. Mwenye kikohozi au homa asimbusu, na wote wanawe mikono kabla ya kumgusa.

Nani atabaki na wavulana?

Hapa ndipo maisha ya mama yanapookolewa au kupotea. Kina mama wengi huchelewa kwenda hospitali kwa sababu hakuna mtu wa kubaki na watoto usiku. Husubiri kupambazuke, na uchungu haungoji. Kabla ya mwezi wa nane chagua watu wawili, mmoja wa karibu na mwingine wa akiba, ambao wavulana wanawajua. Wazoeshwe kulala huko usiku mmoja au miwili. Weka akiba ya nauli na namba ya mwenye gari.

Kwa mama anayeishi mbali na Hospitali ya Rufaa ya Kaunti ya Garissa, ni vyema kusogea mjini kwa jamaa siku zinapokaribia. Mafuriko ya Tana ya Novemba 2023 na Aprili 2024 yalikata barabara kati ya Madogo na mji wa Garissa, na aliyekuwa ng'ambo hakuwa na njia rahisi ya kuvuka. Mama aliyekeketwa amweleze mkunga mapema ili ajitayarishe. Hakikisha pia umejiandikisha na SHA, mamlaka iliyochukua mahali pa NHIF tangu Oktoba 2024.

Usisubiri uchungu ukiona mojawapo ya dalili hizi: kutokwa na damu, kuumwa sana na kichwa au kuona kiwi, kuvimba uso na mikono, degedege, homa kali, maji kutoka kabla ya wakati, au mtoto kupunguza kucheza tumboni. Nenda hospitali mara moja.

Siku arobaini

Desturi ya Wasomali ya kumpumzisha mzazi siku arobaini ni nzuri. Mama hupikiwa, huoshewa na hutembelewa. Lakini wavulana wasifungiwe nje ya chumba muda wote huo. Waingie wamwone mama na mtoto. Wageni wanaoleta zawadi wawaamkie wavulana kwanza. Baba naye awachukue msikitini, sokoni au kando ya mto, akiwa amewashika mkono, maana Tana ina mamba. Kitovu cha mtoto kisiguswe na mtu wala kupakwa chochote isipokuwa dawa iliyotolewa hospitalini.

Kupanga anayefuata

Shirika la Afya Duniani linashauri mama apumzike angalau miezi 24 baada ya kujifungua kabla ya kushika mimba nyingine. Kwa Waislamu, muda huo unalingana na miaka miwili kamili ya kunyonyesha inayotajwa katika Sura ya al-Baqara, aya ya 233. Zungumzeni mume na mke mapema, kisha mwende wote wawili kliniki mkashauriwe njia inayowafaa.

Jioni ya leo, kama kuna mimba nyumbani mwako, mwite yule mvulana mdogo kuliko wote. Tazama miguu yake kama imevimba, nywele zake kama zimegeuka rangi, na uulize amekula nini tangu asubuhi. Ukiona dalili hizo mpeleke kliniki kesho. Usipoziona, mpe sahani yake, na umpakate kidogo.