Meno ya Kale na Utambuzi wa Ugonjwa: Watu Wafupi wa Kisiwa cha Flores

Mzazi wa Endasak anapomleta mtoto mwenye madoa ya kahawia menoni, jambo la kwanza la kumweleza ni kwamba ule si uchafu. Enameli, yaani gamba gumu la nje ya jino, hujengwa utotoni, na ikishakamilika mwili hauijengi tena. Maji yenye floraidi nyingi, ambayo si haba katika ukanda wetu wa Bonde la Ufa, huacha alama yake katika miaka hiyo, na mswaki hauiondoi. Kuyachemsha maji hakuipunguzi floraidi, na magadi ya kupikia huweza kuiongeza.

Ugumu huohuo ndio unaoyafanya meno yadumu wakati mifupa imekwisha kuoza. Kule Olduvai, kaskazini mwetu, Mary Leakey aliyaona meno yakichomoza ardhini tarehe 17 Julai 1959, na kwayo likapatikana fuvu la Zinjanthropus. Mwaka uliofuata lilipatikana taya la yule aliyekuja kuitwa Homo habilis.

Taya hilo liliingia katika ubishi wa mbali sana. Mwaka 2003, katika pango la Liang Bua, kisiwani Flores nchini Indonesia, yalifukuliwa mabaki ya mwanamke mzima mwenye urefu wa takriban mita 1 tu, na ubongo unaokaribia theluthi moja ya wetu. Baadhi ya wataalamu walidai kwamba alikuwa mtu kama sisi, ila aliugua maradhi ya kudumaa kwa ubongo. Dai hilo halikuwa la kupuuzwa. Mhudumu wa afya anajua jinsi ugonjwa unavyoweza kuubadili mwili.

Meno yalilipinga. Wachunguzi waliyalinganisha na ya binadamu wa sasa wa mataifa mengi, wakaona mchanganyiko usiopatikana kwetu: chonge na magego madogo ya mbele yana umbo la kale, ilhali magego makubwa yamefupika na kubadilika kwa namna ya pekee. Je, walitokana na jamii ya Homo habilis wa Olduvai? Wapo wanaoshikilia hivyo, kwa kuwa miili ililingana. Lakini uchunguzi wa meno uliochapishwa mwaka 2015 uliwaweka karibu zaidi na Homo erectus wa Java, jamii yenye miili mikubwa, iliyopungua kimo baada ya kufika kisiwani. Kwa maoni yangu hoja hii ndiyo yenye nguvu.

Mwaka 2014 yakapatikana mengine Mata Menge, kisiwani humohumo: kipande cha taya na meno sita, ya miaka takriban 700,000 iliyopita, madogo kama yale ya Liang Bua au kuyapita kwa udogo. Maradhi ya mtu mmoja hayawezi kurithiwa na kisiwa kizima kwa muda wote huo. Mawili kati ya meno hayo ni ya utotoni, ya watoto wawili tofauti.