Watoto Sitini, Mtaalamu Mmoja: Jinsi Tiba ya Usemi Inavyopangwa Shuleni

Mzazi anayempeleka mtoto kwa mtaalamu wa tiba ya usemi huwa na swali moja kabla ya mengine yote: mtoto ataonwa mara ngapi kwa wiki? Jibu analopata mara nyingi humvunja moyo. Huambiwa mara moja tu, tena pamoja na watoto wengine wawili. Au huambiwa wiki sita, kisha mtoto apumzike. Au kwamba mwalimu wa darasa ndiye atakayefanya naye mazoezi, na mtaalamu atapita kukagua. Baadhi ya wazazi huondoka wakiamini mtoto wao ametupwa. Makala haya yanaeleza ratiba hiyo inavyotengenezwa, kwa nini mtoto mmoja hutangulizwa na mwingine akasubiri, na ni kazi gani inayobaki nyumbani na darasani.

Mtaalamu wa usemi hashughulikii kigugumizi na kithembe pekee, kama wengi wanavyodhani. Huwahudumia watoto waliochelewa kusema, wasioelewa maagizo ya darasani, wenye usonji, wenye kupooza kwa ubongo, waliozaliwa na mdomo au kaakaa lililopasuka, wasiosikia vizuri, na wale wanaotatizika kutafuna na kumeza. Wataalamu wa aina hii ni wachache nchini, na shule nyingi hazina wa kwao. Kisha kuna suala la mamlaka. Kwa mujibu wa Jedwali la Nne la Katiba ya 2010, chekechea na hospitali za kaunti ni jukumu la serikali ya kaunti, ilhali shule za msingi na sekondari ziko chini ya serikali ya kitaifa, na walimu wake huajiriwa na Tume ya Huduma kwa Walimu (TSC). Mtaalamu wa hospitali ya kaunti akiingia shule ya msingi huingia kama mgeni, kwa mapatano na mwalimu mkuu na kituo cha tathmini na rasilimali za elimu, maarufu kama EARC. Vituo hivyo vilianzishwa nchini mwaka 1984, na ndiko mzazi anakoshauriwa kuanzia mtoto anapoonekana kuhitaji msaada maalum shuleni.

Sasa hesabu yenyewe. Chukulia mtaalamu mmoja mwenye watoto 60 katika shule sita. Akitaka kumwona kila mmoja peke yake kwa nusu saa kila wiki, anahitaji saa 30. Wiki ya kazi ina saa 40, kwa hivyo mtu anaweza kudhani zinatosha na saa 10 zinabaki. Lakini siku nzima ya saa 8 yuko kliniki hospitalini. Safari kati ya shule na shule humla saa 8 nyingine. Tathmini za watoto wapya ni saa 4, rekodi na ripoti saa 5, mazungumzo na walimu na wazazi saa 3. Hizo ni saa 28. Zinazosalia ni 12, yaani nafasi 24 za nusu saa. Nafasi 24 kwa watoto 60.

Hapo ndipo wataalamu wengi wanaoanza kazi hukosea. Humgawia kila mtoto kidogo kidogo: dakika kumi hapa, dakika kumi kule, au ziara moja kila baada ya wiki tatu. Inaonekana ni haki, lakini mtoto anayejifunza sauti mpya huisahau kati ya ziara na ziara, na muhula huisha bila yeyote kusonga mbele. Nchini Marekani, chama cha wataalamu wa usemi, ASHA, kilitoa msimamo mwaka 2002 kwamba kazi ya shuleni isipimwe kwa idadi ya watoto pekee, bali kwa kazi yote ambayo kila mtoto anahitaji, pamoja na mikutano, ripoti na maandalizi. Watoto wawili waliohesabiwa kama wawili kwenye orodha wanaweza kuwa mzigo wa mmoja na nusu au wa watano.

Njia inayofaa ni kuanza na wasioweza kusubiri. Wa kwanza ni mtoto anayepaliwa anapokula. Mtoto mwenye kupooza kwa ubongo aliye katika kitengo maalum, ambaye hukohoa kila anapolishwa, ambaye sauti yake hubadilika na kuwa kama yenye maji baada ya kula, na ambaye huugua kifua mara kwa mara, huenda chakula kinamwingia mapafuni. Huyu hawekwi kwenye foleni. Msaidizi wake huonyeshwa siku hiyo hiyo jinsi ya kumkalisha wima, kidevu kikiinama kidogo, kijiko kidogo, apewe muda wa kumeza kabla ya kijiko kingine, na githeri ibadilishwe kuwa chakula kilichopondwa hadi atakapochunguzwa hospitalini. Wa pili ni mtoto aliyekuwa akisema kisha maneno yakaanza kupotea. Huyo anahitaji daktari haraka. Wengine ni wale waliovishwa vifaa vya kusikia hivi karibuni, na wale wasio na njia yoyote ya kueleza kwamba wana kiu au wanaumwa.

Katika mfano wa watoto 60, chukulia sita wako katika kundi hilo. Kila mmoja anapewa nafasi yake kila wiki. Watoto 18 wenye mahitaji yanayofanana wanawekwa katika vikundi sita vya watatu watatu, nafasi sita nyingine. Zinabaki 12. Muhula wa wiki 13 hugawanywa katika vipindi viwili vya wiki sita: watoto 12 wanaonwa peke yao kila wiki katika kipindi cha kwanza, na 12 wengine katika cha pili. Watoto 12 waliosalia hufanyiwa mazoezi na mwalimu wa darasa kwa mpango ulioandikwa, na mtaalamu huwakagua mara moja kwa mwezi katika zile saa tatu za mazungumzo. Wiki ya 13 ni ya ripoti na kukutana na wazazi. Muhula wa tatu ni mfupi zaidi na una mitihani ya kitaifa, kwa hivyo vipindi vyake hupunguzwa. Na ratiba yoyote isiyoacha nafasi ya mvua, michezo ya shule na barabara iliyokatika itavunjika kabla ya mwezi kuisha.

Mzigo mwingine mkubwa unatokana na watoto ambao hawakupaswa kuwa kwenye orodha hata kidogo. Mtoto anayeongea Kikuyu nyumbani akichanganya r na l katika Kiswahili au Kiingereza hana ugonjwa. Wala mtoto wa Kijaluo anayesema "samba" badala ya "shamba", kwa sababu lugha yake haina sauti ya sh. Hiyo ni lafudhi, na dawa yake, ikihitajika, ni somo la lugha. Dalili ya tatizo la kweli ni pale kosa linapojitokeza katika lugha zote za mtoto, ikiwemo ile ya nyanyake. Kwa hivyo tathmini isiyogusa lugha ya nyumbani ni nusu tathmini. Vivyo hivyo kwa sarufi: mtoto wa mjini anayesema "kikapu kubwa" anaiga Kiswahili anachokisikia kituo cha matatu, na si haki kumwandikia kuwa na upungufu wa lugha kwa hilo.

Kabla ya zoezi lolote, masikio. Mtoto hawezi kutamka vizuri sauti asiyoisikia, na uchafu uliojaa sikioni au usaha wa muda mrefu unaweza kuwa ndio chanzo cha yote. Kipimo cha kusikia hospitalini kinaweza kuokoa muhula mzima. Lile wazo la kukata kilimi ili mtoto aseme lisipewe nafasi. Kilimi hakimzuii mtoto kusema, na kukikata kumeleta uvujaji wa damu na maambukizi.

Mpango wa tiba ukishaandikwa vizuri, kazi hupungua kwa kila mtu. Chukua mfano wa mtoto wa Gredi ya Pili anayesema "titabu" kwa "kitabu" na "taa" anapotaka kusema "kaa". Lengo lililoandikwa "kuboresha matamshi" halimsaidii mwalimu wala mzazi, kwani hakuna atakayejua limetimia lini. Lengo linalofaa husema hivi: kufikia mwisho wa wiki ya sita, mtoto atatamka k mwanzoni mwa maneno 8 kati ya picha 10 bila kukumbushwa. Kipimo cha siku ya kwanza huandikwa kando, tuseme 1 kati ya 10. Wiki ya kwanza mtoto hasemi kitu. Anasikiliza tu na kuonyesha picha ya kaa la moto au picha ya taa kulingana na alichosikia. Akizitofautisha, anafundishwa sauti yenyewe, ambayo hutengenezwa nyuma ya mdomo na si kwa ncha ya ulimi. Kisha silabi, kisha neno, kisha sentensi. Ikifika wiki ya tatu na hesabu bado ni 1 kati ya 10, mpango ubadilishwe na masikio yapimwe tena. Kuendelea na zoezi lile lile kwa matumaini ni kupoteza nafasi ya mtoto mwingine.

Maandalizi nayo yana ujanja wake. Mtaalamu anayetengeneza vifaa tofauti kwa kila mtoto atakesha usiku na kuchoka kabla ya likizo ya Aprili. Picha moja ya soko inatosha wiki nzima. Mtoto wa kwanza kikundini anatafuta kabichi, karoti na kikapu kwa ajili ya sauti ya k. Wa pili, ambaye husema neno moja moja, anajenga sentensi: mama ananunua ndizi. Wa tatu, asiyesema, anaonyesha picha kwenye ubao wake ili achague cha kununua, na wenzake wanamngoja ajibu. Rekodi ni mistari miwili kwa kila mtoto, iandikwe pale pale kabla ya kupanda bodaboda kwenda shule nyingine. Ikiachwa hadi Ijumaa jioni, watoto 20 huchanganyika kichwani.

Mwalimu wa darasa la wanafunzi 50 hawezi kupewa ukurasa tatu za maagizo. Anapewa jambo moja. Kwa mtoto mwenye kigugumizi: asimmalizie neno, asimwambie "pole pole", amwangalie na kumngoja, na wanaomcheka wanyamazishwe. Kwa asiyesikia vizuri: akae mbele, na mwalimu asizungumze akiandika ubaoni. Kwa aliyechelewa kuelewa: agizo moja kwa wakati mmoja. Mambo haya hayana gharama na hufanyika kila siku, jambo ambalo mtaalamu wa nusu saa kwa wiki hawezi.

Mzazi hupewa dakika tano kwa siku, katika shughuli ambayo tayari ipo: kuchambua maharagwe, kufua, kutembea kutoka shuleni. Mtoto akisema "titabu", mzazi hurudia neno vizuri, "ndiyo, kitabu", bila kumlazimisha wala kumkemea. Dakika tano kwa siku, kuanzia Jumatatu hadi Jumamosi, ni nusu saa kamili. Ni sawa na nafasi nzima ya mtaalamu, na haihitaji nauli.

Mtoto ambaye hajaingia shule asisubiri kusajiliwa. Aliyetimiza miaka miwili bila kuunganisha maneno mawili, au asiyegeuka anapoitwa jina, apelekwe kituo cha afya kilicho karibu, au mzazi amweleze mhamasishaji wa afya ya jamii wa kijiji ili aandikiwe rufaa. Aende na daftari la kliniki la mama na mtoto, na orodha fupi ya maneno ambayo mtoto husema, katika lugha yoyote ile.

Katika wiki ya 13 mzazi huitwa shuleni na kupewa ukurasa mmoja: kipimo cha mwanzo, kipimo cha sasa, na uamuzi. Mtoto aliyefika 8 kati ya 10 huhamishiwa mpango wa darasani, na nafasi yake humwendea anayefuata. Asiyefika huendelea, kwa mpango mpya. Mzazi asiyekubaliana na uamuzi ana haki ya kuuliza hesabu hizo zilipatikana vipi na kuomba mtoto apimwe tena mbele yake.