Viroboto wa Watoto wa Paka

Kila mwenye ghala ya mahindi ajua thamani ya paka. Kwa hiyo paka azaapo, watu wa nyumbani hufurahi. Lakini mara nyingi furaha hiyo huisha baada ya siku chache, wanapoona watoto wamelegea, hawanyonyi, na manyoya yao yamejaa viroboto. Hapo wengine hukimbilia dawa ya josho au mafuta ya taa, nao huwaua viroboto na watoto wa paka pamoja.

Mtoto wa paka azaliwapo ana uzito wa gramu 100 hivi tu, na damu yake ni kidogo mno. Viroboto wengi wakimfyonza usiku na mchana, humaliza nguvu zake upesi. Afunuliwe mdomo, atazamwe ufizi. Ufizi wa mtoto mwenye afya ni wa rangi ya waridi. Ukiwa mweupe, apelekwe kwa daktari wa wanyama siku iyo hiyo.

Watu huuliza, mbona dawa imfaayo ng'ombe au mbwa imdhuru paka? Sababu imo katika ini. Ini la paka haliwezi kuivunja upesi sumu iitwayo permethrini, iliyomo katika dawa nyingi za viroboto wa mbwa. Paka aliyepakwa hutetemeka, hushikwa na kifafa, na huenda akafa. Wala haifai kumpaka mama peke yake, kwa maana yeye huwalamba watoto, nao hulala katika manyoya yake. Hata dawa zilizotengenezwa kwa ajili ya paka, nyingi haziruhusiwi kabla mtoto hajatimiza majuma 8.

Kifaa kilicho salama ni chanuo la meno ya karibukaribu, lile la kuondolea chawa. Mtoto achanwe polepole kila siku, hasa shingoni na penye mkia, na kila kiroboto atumbukizwe katika bakuli la maji ya moto yenye sabuni. Mama naye achanwe vivyo hivyo.

Viroboto wakiwa wengi kupita chanuo, mtoto mwenye nguvu aweza kuoshwa kwa maji ya vuguvugu na sabuni kidogo ya vyombo. Povu lianze shingoni kama kola, ili viroboto wasipandie kichwani. Kichwa chenyewe kisitiwe majini. Asuuzwe, akaushwe mara moja, kisha awekwe karibu na chupa ya maji ya moto iliyofungwa kitambaa. Katika majuma 3 ya kwanza mtoto hawezi kujitunzia joto, na baridi humwua kama sumu. Aliye dhaifu asioshwe kamwe, achanwe tu.

Walakini kazi kubwa haiko mwilini mwa paka. Kiroboto jike aweza kutaga mayai 40 kwa siku, nayo huanguka katika matandiko, yakawa mabuu, kisha vifukofuko. Gunia kuukuu lichomwe moto. Vitambaa vifuliwe kwa maji ya moto kila juma na kuanikwa juani, na sakafu ifagiliwe mpaka pembeni. Kiroboto aliyemo kifukoni aweza kungoja majuma mengi, hata asikie kishindo na joto la mwenye kupita. Ndiyo sababu mtu aingiapo katika nyumba iliyokaa tupu hurukiwa miguuni mara moja. Basi kuchana na kufua kuendelee hata baada ya watoto kuonekana safi.