Maumivu ya Tumbo Yatokanayo na Dawa ya Shinikizo la Damu

Maumivu ya tumbo yana sababu nyingi. Hapa tunaeleza moja ambayo mara nyingi hupita bila kutambuliwa: uvimbe wa ghafla wa ukuta wa utumbo, uitwao kitaalamu anjioedema ya utumbo.

Chanzo chake

Hali hii, ingawa ni nadra, huwapata baadhi ya watumiaji wa dawa za shinikizo la damu ambazo majina yake kwenye paketi huishia na herufi "pril", kama vile captopril, enalapril na lisinopril. Dawa hizi hupunguza uwezo wa mwili wa kuvunja kemikali iitwayo bradikinini. Kemikali hiyo ikizidi, mishipa midogo huvujisha maji na utumbo huvimba.

Dalili zake

Mgonjwa huumwa tumbo sana, hutapika, na pengine huhara. Uso na midomo huenda visivimbe kamwe. Dalili zaweza kuanza siku chache baada ya kuanza dawa, au baada ya miaka kadhaa ya kuitumia bila tatizo. Aghalabu hutulia, kisha hurudi. Kwa kuwa hufanana na dalili za magonjwa mengine, wapo waliopasuliwa tumbo pasipo haja.

Tunakushauri

1. Uendapo hospitali, chukua paketi za dawa zako zote. Muulize daktari: "Je, dawa hii yaweza kuvimbisha utumbo?"

2. Usichelewe. Ultrasaundi au CT scan huonyesha uvimbe huo wakati maumivu yangalipo. Yakiisha, huenda usionekane.

3. Usiache dawa kimyakimya na kukaa bila tiba, kwani shinikizo la damu nalo huua. Daktari atakubadilishia kundi la dawa. Kwa kawaida nafuu hupatikana ndani ya siku 1 hadi 3.

4. Ikithibitishwa, usitumie tena dawa yoyote ya kundi hilo. Omba jambo hilo liandikwe kwenye kadi yako ya kliniki.

5. Ulimi au koo likivimba, usimeze dozi nyingine. Kimbilia hospitali mara moja.

Iwapo hutumii dawa hizi lakini maumivu hujirudia, na katika ukoo wenu wapo wanaovimba ghafla, mweleze daktari. Ipo anjioedema ya kurithi, nayo huchunguzwa kwa kipimo cha damu.