Kupigwa Kalamu au Kupunguzwa? Istilahi za Kiswahili katika Somo la Mahusiano ya Kazi

Utangulizi

Mwanafunzi anayesomea usimamizi wa rasilimali watu na mahusiano ya kazi katika vyuo vikuu vyetu nchini Kenya hufundishwa kwa Kiingereza, hutahiniwa kwa Kiingereza na, akijaliwa kuajiriwa, huandika mikataba kwa Kiingereza. Hata hivyo, siku atakapoketi ana kwa ana na mchuma chai wa Kericho, bawabu wa Nairobi au mpakiaji mizigo wa bandarini Mombasa, lugha itakayowakutanisha aghalabu ni Kiswahili. Makala haya yananuia kuonyesha kwamba istilahi atakayoichagua hapo si pambo la usemi. Ina thamani ya fedha, na mfanyakazi anaweza kuikosa haki yake kwa sababu ya neno moja lililotumiwa ovyo.

Sheria na lugha ya mfanyakazi

Wengi wetu tunapokitetea Kiswahili hukimbilia Kifungu cha 7 cha Katiba ya 2010, kinachokifanya lugha ya taifa na mojawapo ya lugha mbili rasmi. Ni hoja nzuri, lakini kwa mada hii ipo iliyo karibu zaidi. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 9, inamtaka mwajiri ahakikishe kuwa mfanyakazi asiyejua kusoma, au asiyeielewa lugha ya mkataba, amefafanuliwa mkataba huo kwa lugha anayoielewa. Kifungu cha 41 kinalirudia sharti hilo katika wakati mchungu zaidi. Kabla ya kumwachisha mtu kazi kwa utovu wa nidhamu, utendaji duni au kutojiweza kimwili, mwajiri sharti amweleze sababu kwa lugha anayoielewa, naye ana haki ya kuandamana na mfanyakazi mwenzake au mwakilishi wa chama.

Kwa hiyo afisa wa wafanyakazi ni mfasiri kwa mujibu wa sheria, ajue asijue. Ni ajabu kwamba tunamwacha ajifunzie ufasiri huo papo kwa papo, mbele ya mtu anayekaribia kupoteza riziki.

Njia tatu za kupoteza kazi

Lugha ya mitaani ni tajiri hapa: kupigwa kalamu, kumwaga unga, kibarua kuota nyasi. Misemo hii yote hueleza tokeo moja, yaani kazi haipo tena. Sheria, kwa upande wake, huuliza kazi imekwisha kwa njia gani, na kila njia ina malipo yake.

Napendekeza tutenge istilahi tatu. Kufutwa kazi kuwe kule kuondolewa kwa kosa kubwa bila ilani kamili, kunakoelezwa katika kifungu cha 44. Hata hapo mfanyakazi ni lazima asikilizwe kwanza. Kuachishwa kazi kuwe kukatizwa kwa mkataba kwa ilani, ambayo kwa anayelipwa kila mwezi si chini ya siku 28. Kupunguzwa kazini kuwe kule kwa kifungu cha 40, ambapo nafasi yenyewe imeondolewa na mfanyakazi hana kosa lolote.

Tuchukue mfano. Mwanamke ametumika kiwandani miaka 8 kamili, kisha mashine mpya ikachukua nafasi yake. Anaitwa ofisini na kuambiwa, "Mama, umefutwa." Neno hilo si sahihi. Huyu amepunguzwa, na sheria inataka alipwe si chini ya mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka kamili, yaani siku 120, mbali na ilani ya mwezi mmoja na likizo ambayo hajaichukua. Asipojua kuwa amepunguzwa, atayadai vipi malipo hayo? Huenda akarudi nyumbani akijichunguza, akitafuta kosa ambalo hakulitenda.

Wapo wanaopenda malipo hayo yaitwe kiinua mgongo. Sikubaliani nao. Kiinua mgongo ni ahsante ya mwisho wa utumishi, na aghalabu hutegemea mkataba au makubaliano ya pamoja baina ya mwajiri na chama. Malipo ya kupunguzwa ni deni la kisheria. Tukiyachanganya, haki itasikika kama hisani.

Kibarua ni nani?

Neno kibarua ni umbo la udogo la barua. Lilihusu cheti kidogo alichopewa mfanyakazi wa kutwa, kisha likamwita mfanyakazi mwenyewe. Leo hata mwalimu wa kudumu husema kwa mzaha kwamba anakimbilia kibarua chake. Katika Sheria ya Ajira, hata hivyo, kibarua ni yule tu anayelipwa mwisho wa siku na asiyeajiriwa kwa zaidi ya saa 24 kwa wakati mmoja. Kifungu cha 37 kinasema kwamba akifanya kazi siku mfululizo zisizopungua mwezi mmoja, ajira yake hugeuka na kuwa ya kulipwa kila mwezi, naye hustahiki ilani. Basi mtu anayeitwa kibarua mwaka wa tatu mfululizo ameshikiliwa na jina ambalo sheria ilikwisha kumvua.

Palipo na pengo

Upande wa mvutano wa pamoja, mgomo ni neno lililokomaa, lenye mzizi wa kugoma, na halihitaji msaada wetu. Lakini Sheria ya Mahusiano ya Kazi ya 2007 inamtambua pia mwajiri anayewafungia wafanyakazi lango ili wakubali masharti yake, na pande zote mbili hudaiwa ilani ya maandishi ya siku 7. Tendo hilo la mwajiri halina jina lililozoeleka kama mgomo. Kufungia nje? Ufungiaji? Mgomo wa mwajiri? Hili la mwisho linaeleweka upesi, ila linaificha tofauti ya nguvu kati ya mwenye ufunguo na aliye nje. Mimi naegemea ufungiaji, na ningependa wenzetu wa Idara ya Isimu waujaribu kwanza kwa wafanyakazi wenyewe kabla ya kuuingiza katika orodha za istilahi.